Rasi Iliyohama

Hibo hakuwa na viatu vya mpira. Hakuwa na koti la mvua. Hakuwa na mjomba wala shangazi ukingoni mwa ziwa, kama walivyokuwa nao wenzake wengi darasani. Hakujua kuogelea, wala hakuwa amewahi kukanyaga chombo chochote kinachoelea. Maji mengi kuliko yote aliyoyaona kwa karibu yalikuwa ya Mto Migori ukifurika chini ya daraja. Kidholuo chake kilikuwa kile cha kuuzia vitambaa, na nje ya duka kilimwishia mdomoni. Hata dira hakuwa nayo, kwa kuwa shule ilitoa dira moja kwa kila kundi.

Alichokuwa nacho ni daftari la jalada gumu, penseli mbili, na ugonjwa wa kuuliza. Baba yake, Bwana Noor, muuza vitambaa wa mjini Migori, alizoea kusema kwamba binti huyu alianza kuuliza kabla hajaota meno.

Ilikuwa Julai ya mwaka 1997. Mwalimu Bichage, aliyefundisha jiografia, alikuwa amelipeleka darasa la kidato cha nne Muhuru Bay kwa siku tatu kujifunza nje ya darasa. Kundi la kwanza lilichimba udongo. Kundi la pili liliwahoji akina mama wanaoanika omena, wale dagaa wa ziwani. Kundi la tatu lilipewa kazi ambayo wote waliionea wivu: kuchora ukingo wa ziwa kutoka majini, kwa mashua.

Kundi hilo lilikuwa na wanafunzi watatu. Hibo ndiye aliyeshika daftari. Gesare, msichana wa Isebania mwenye mikono mipana na maneno machache, alishika kamba ya kupimia na zile fito ndefu zilizopakwa rangi nyekundu na nyeupe. Clifford alishika dira, na pamoja na dira, majivuno yote.

"Mimi ni mtu wa nam, mtu wa ziwa," alisema walipokuwa wakipanda. "Nyinyi watu wa nchi kavu, shikeni mbao vizuri."

"Kwenu Rangwe kuna ziwa gani?" Gesare aliuliza. "Ama ni ile bwawa ya ng'ombe?"

"Rangwe na ziwa ni hapo na hapo."

"Hata Isebania na ziwa ni hapo na hapo, ukiwa ndege."

Mwenye mashua, Mzee Elijah, alicheka mpaka akaachia kamba ya injini. Alikuwa mtu wa miaka hamsini na kitu, mkavu kama samaki wa kuanikwa, na macho yake yalikuwa yamejikunja kwa mwanga wa maji. Kabla hawajafika mbali Hibo alikuwa amemuuliza kwa nini maji ya huku ni ya kijani na ya kule ni ya kahawia, kwa nini ndege wote wamekaa upande mmoja wa jiwe, na kama ziwa lina mahali ambapo kamba haifiki chini.

"Nyathina," Mzee Elijah alimwambia, yaani mwanangu, "ziwa halijibu maswali yote siku moja. Mengine utaleta kesho."

"Kesho atakuletea gunia," alisema Gesare.

Mwalimu Bichage aliketi katikati, ramani imefunikwa kwa nailoni magotini mwake. Alikuwa mtu wa milima ya Kisii, mwenye suruali iliyopigwa pasi hata safarini, na sheria yake wanafunzi waliijua kama sala: kiangalie, kipime, ndipo ukichore. Mengi aliyoyajua kuhusu ziwa aliyapata vitabuni, na aliyajua vizuri.

Waliambaa na ukingo kuelekea kaskazini, wakapima, wakachora. Saa nane alasiri waligeuka kurudi. Hapo ndipo mambo yalipoharibika, tena moja baada ya jingine, kama shanga zinazotoka kwenye uzi uliokatika.

Kwanza walikuta magugu maji yametanda mbele yao kama shamba, na Mzee Elijah alipojaribu kuyazunguka, mizizi ilijisokota kwenye propela. Injini ilikohoa ikazima. Aliiinua kutoka majini, akainama, akaanza kuikata mizizi kwa kisu.

Pili, wingu lilitokea upande wa nchi kavu. Lilikuja jeusi na la chini, na mbele yake ulitangulia upepo wa baridi ulioyalaza maji kisha ukayainua. Wimbi la kwanza liliipiga mashua ubavuni. Injini iliponyoka ikaanguka na mkono wa mzee ukiwa chini yake. Bapa la propela, lililonolewa na mchanga wa miaka mingi, lilimpasua kutoka kiganjani hadi juu ya kifundo cha mkono, na kipaji cha uso wake kikagonga chuma cha injini. Alianguka ndani ya mashua bila kulia.

"Damu!" Clifford alipiga kelele. "Mwalimu, damu!"

"Naiona. Shika kasia."

Gesare alikuwa ameshavua leso yake kiunoni. Aliukunja mkono wa mzee juu ya kifua chake, akaufunga, akaukandamiza kwa viganja vyote viwili, na hakuachia tena. Mwalimu na Clifford walishika makasia, lakini kupiga makasia dhidi ya upepo ule kulikuwa kama kusukuma ukuta. Mvua ilishuka. Ukingo wa ziwa ulififia, ukawa mstari, kisha ukapotea. Hibo alipewa kopo, akachota maji na kuyamwaga nje, akachota na kumwaga, huku daftari amelifunga kwa nailoni tumboni chini ya sare. Hakuwa na nafasi ya kuogopa. Hofu ilimjia baadaye, alipoyasikia mawe yakikwaruza chini ya mashua.

Kilikuwa kisiwa, kama kipande kile kinastahili kuitwa hivyo: mwamba wenye urefu wa uwanja wa mpira, mweupe kwa mavi ya ndege, na mti mmoja tu wenye miiba. Kenge mkubwa aliwatazama, akateremka majini kwa dharau. Waliivuta mashua juu ya mawe na kumlaza mzee chini ya turubali la injini, ambayo ilikuwa imeingia maji na haikuwaka tena.

"Maji ya kumuosha kidonda yachemke kwanza," alisema Gesare. "Tunahitaji moto."

Walitazamana. Kisha Clifford, pole pole sana, akaingiza mkono ndani ya soksi yake na kutoa kiberiti kilichofungwa kwenye karatasi ya nailoni.

"Kiberiti cha nini?" aliuliza Mwalimu.

"Nilikiokota."

"Kwenye soksi?"

"Ilikuwa njiani, Mwalimu."

"Clifford, sigara zako tutaziongelea shuleni. Leo nazishukuru. Washa."

Walichemsha maji kwenye kopo, wakasubiri yapoe, wakamuosha. Kidonda kilikuwa kirefu, na vidole viwili havikuwa na rangi ya vidole. Damu ilipungua lakini haikukoma.

Mvua ilikuwa imepita upesi kama ilivyokuja, na kabla jua halijazama anga likasafika. Ndipo Mwalimu Bichage, aliyeona midomo ya wanafunzi wake ikitetemeka, alipofanya jambo ambalo Hibo hakulisahau maisha yake yote. Alijipangusa mikono, akasema, "Kazi ya kundi la tatu haijaisha. Tuko wapi? Nionyesheni."

Walipanda kileleni. Kisiwa hakikuwa kwenye ramani. Upande wa kaskazini mashariki, mbali sana, vilisimama vilima vya Gwassi, buluu juu ya maji. Clifford alilenga dira, akasoma, Hibo akaandika: nyuzi hamsini. Upande wa kusini mashariki, karibu zaidi, kulikuwa na ulimi mrefu wa kijani wenye mafunjo marefu na ndege weupe. Nyuzi mia moja na ishirini.

"Rasi ya Muhuru," alisema Mwalimu, akigusa ramani. "Hapa. Si mbali. Kesho asubuhi tunapiga makasia, baada ya saa mbili tumefika."

Hibo aliichora. Lakini pembeni mwake hakuandika jina. Aliweka alama ya kuuliza.

"Hii ni nini?"

"Mwalimu, sioni jiwe hata moja pale. Wala mti wenye shina. Wala moshi wa jioni, na huu ni wakati wa kupika."

Mwalimu alikuwa amechoka. Alitoa kalamu yake nyekundu, akaikata alama ile, akaandika juu yake kwa mwandiko wake mzuri: Rasi ya Muhuru.

Walilala kwa zamu, migongo imeegemeana.

Asubuhi mkono wa Mzee Elijah ulikuwa umevimba hadi kwenye kiwiko, na ngozi yake ilichoma ukimgusa. Alizungumza Kidholuo kwa sauti ya mtoto.

"Anasema nini?" Hibo aliuliza.

Clifford aliinama karibu na mdomo wa mzee. Majivuno yalikuwa yamemtoka usiku ule. "Anauliza kama nyavu za baba yake zimeanikwa."

"Huyu mtu akikaa hapa mpaka kesho atakufa," alisema Gesare. Hakulisema kwa ukali. Alilisema kama mtu anayesoma kipimo.

"Ndiyo maana tunaondoka sasa hivi," alijibu Mwalimu. "Mashua majini. Na tazameni, rasi imekaribia. Asubuhi hewa ni safi, vitu huonekana karibu."

Ni kweli ilionekana karibu. Hibo aliitazama, na ugonjwa wake ukamshika.

"Mwalimu, naomba dakika mbili za dira."

"Hibo, huu si wakati wa maswali!"

"Ni dakika mbili tu."

Alikimbia kileleni, akasimama kwenye jiwe lile lile alilosimamia jana, akalenga. Akasoma. Akalenga tena. Aliporudi uso wake ulikuwa wa mtu aliyesikia mlango ukifunguka kwenye nyumba aliyodhani haina watu.

"Rasi imehama," alisema.

Clifford alicheka kwa woga. "Binti wa duka amepigwa na jua."

"Jana nyuzi mia moja na ishirini. Leo mia moja na sitini na tano."

"Dira imeingia maji," alisema Mwalimu. "Ama uliiweka karibu na kisu."

"Hata mimi nilifikiri hivyo. Kwa hiyo nimepima Gwassi tena. Jana hamsini, leo hamsini. Dira ikiharibika haiwezi kuharibikia upande mmoja, Mwalimu. Kilima kiko pale pale. Rasi ndiyo imetembea."

Mwalimu Bichage alichukua dira, akapanda mwenyewe. Walimwona akilenga upande huu, akilenga upande ule, akisimama muda mrefu mikono imening'inia. Alishuka kama mtu aliyeongezewa miaka.

"Ni magugu maji," alisema. "Mafunjo yameota juu yake, yamefungamana. Ni kisiwa kinachoelea. Nilitaka kuwapeleka kwenye nchi isiyokuwepo."

"Na tungefika tungenasa," alisema Gesare. "Na mgonjwa ndani."

"Kwa hiyo hakuna mahali pa kwenda?" aliuliza Clifford.

Hibo alikuwa amechuchumaa, akichora kwa kijiti kwenye majivu ya moto. "Nani ameisukuma?"

"Nini?"

"Hiyo rasi. Haina makasia. Jana ilikuwa huku, imekwenda huku, magharibi. Usiku kucha upepo umetoka nchi kavu kuja ziwani. Sasa hivi bado unavuma, nausikia kisogoni nikitazama ziwa kuu. Mwalimu, ulitufundisha kidato cha pili. Usiku nchi kavu inapoa upesi kuliko maji, upepo unatoka kule. Mchana inapata moto, upepo unageuka. Sasa hivi tukipiga makasia kwenda Gwassi tutasukumwa nyuma. Lakini ukigeuka, utatubeba."

"Unageuka saa ngapi?" aliuliza Gesare.

"Saa saba. Ama saa nane."

"Na usipogeuka?"

Hibo alimtazama Mzee Elijah, aliyekuwa akihema kwa mdomo. Hilo ndilo swali pekee ambalo hakutaka kuulizwa. Kusubiri ni saa sita. Saa sita za homa na za damu, zote juu ya neno la msichana asiyejua kuogelea.

"Usipogeuka," alisema, "nitakuwa nimekosea, na yeye ndiye atakayelipa."

Mwalimu Bichage alifungua kifungo cha shati lake, jambo ambalo hakuna mwanafunzi aliyewahi kuliona. "Nimefundisha upepo wa nchi kavu na upepo wa ziwa miaka tisa," alisema. "Sijawahi kuusubiri. Tutasubiri."

Kusubiri si kukaa bure. Walifunga fito nne za kupimia mbili mbili kwa kamba, zikawa mlingoti. Turubali likawa tanga. Clifford alikusanya kuni za ule mti wa miiba, akachemsha maji ya kunywa, akamnywesha mzee kidogo kidogo akimsemesha Kidholuo kwa upole ambao wenzake hawakuujua. Gesare alifungua kidonda, akakiosha, akakifunga tena kwa kitambaa cha kichwa cha Hibo, ambacho Hibo alikitoa bila kuombwa. Yeye alijifunika kwa sweta la shule. Juu ya kilele alikuwa amefunga uzi kwenye ufito uliobaki. Uzi ule ulielekea ziwa kuu, moja kwa moja, kama kidole.

Saa tano bado ulielekea huko. Saa sita ulilegea. Upepo ulikufa kabisa, ziwa likawa kioo, joto likawakalia mabegani. Nzi walikuja kwenye kidonda. Ilipofika saa saba uzi ulikuwa umening'inia tu, na hakuna aliyemtazama Hibo usoni.

Alirudia hesabu yake kichwani. Alitafuta kosa, akatamani hata kuliona, maana kosa lingekuwa na mwisho. Saa saba na nusu ndege mmoja mweupe aliinuka majini, akageuza kifua chake kuelekea ziwa kuu kama ndege wanavyofanya wanapoupokea upepo. Hibo aliutazama uzi. Ulitikisika. Ukainuka kidogo, ukaanguka, ukainuka tena, ukanyooka kuelekea Gwassi.

"Umegeuka!" alipiga kelele. "Umegeuka, umegeuka!"

Walimbeba mzee, wakaisukuma mashua. Turubali lilijaa kwa kishindo, na chombo kilichokuwa mzigo tangu jana kikawa kiumbe hai. Mwalimu alishika kasia la nyuma kama usukani. Hibo alikaa mbele, dira magotini, akiita: "Kushoto kidogo. Hamsini. Hapo hapo. Kulia kidogo."

Waliipita rasi yao mwanzoni mwa safari. Ilikuwa kulia kwao, ikirudi nayo mashariki kwa uvivu, ndege wamesimama juu yake kwa mguu mmoja, na walipoipita waliona nyuma yake: maji, na baada ya maji, maji. Mwalimu aliomba daftari. Akiwa ameshika kasia kwapani, alitoa kalamu nyekundu, akalikata jina aliloliandika, na kuirudisha ile alama ya kuuliza.

Saa kumi upepo ulizidi nguvu. Mawimbi yaliwafukuza kutoka nyuma, marefu na ya kijani, na maji yaliingia kwenye mbao zilizopasuliwa na mawe. Clifford alichota kwa kopo, Hibo kwa viganja. Kisha mlingoti ulilia mlio mkavu, na jozi moja ya fito ikavunjika. Tanga likaanguka juu ya mgonjwa.

"Nishikilieni kiuno," alisema Gesare.

Alisimama katikati ya mashua, akalikamata turubali kwa mikono miwili na kulinyanyua juu ya kichwa chake. Upepo ulimvuta kama unataka kumrarua. Clifford alimkumbatia magoti. Alisimama hivyo mpaka mikono yake ikakufa ganzi, akasimama bado, na vilima vya Gwassi vikaacha kuwa buluu, vikawa kijani, vikawa na mashamba, vikawa na moshi wa kupikia.

Moshi! Hibo aliuona akaanza kulia.

Akina mama waliokuwa wakikusanya omena kwenye nyavu za kuanikia waliona turubali likija juu ya maji na chini yake miguu ya msichana. Walikimbia, wakaingia ziwani na nguo zao hadi kifuani, wakaikamata mashua. Pikapu ya muuza samaki ilikuwa pale. Waliteremsha masanduku ya barafu, wakampakia mzee na Gesare na Mwalimu, ikaondoka kwenda hospitali ya Homa Bay kwa vumbi. Mwanamke mmoja alimfunika Hibo kwa leso yake, akamuuliza kwa Kiswahili, "Mwanangu, mmetoka wapi?"

"Sijui jina lake," alijibu Hibo. Na kwa mara ya kwanza katika maisha yake, kutokujua kulimuuma.

Bwana Noor alikuja kesho yake. Alikuwa amepanga maneno mengi njiani. Alipomwona binti yake na sweta kichwani, maneno yalimwishia. Alimshika bega, akamvuta kifuani.

Baada ya wiki mbili habari ilifika shuleni: Mzee Elijah alipoteza vidole viwili, lakini mkono umebaki, na mwenye mkono yu hai. Mkewe, Dolphine, alikuwa amemrudisha Muhuru Bay, na tayari mzee alikuwa akilalamika kwamba watu hawajui kufunga nyavu.

Kazi ya nje ya darasa ina desturi yake ya mwisho: kila kundi huandika barua ya shukrani kwa waliolisaidia. Kundi la tatu lilimchagua Hibo aandike. Clifford alitaka iandikwe kwamba yeye ndiye aliyewasha moto. Gesare alisema iandikwe na kiberiti kilitoka wapi. Mwalimu Bichage aliisoma, akatafuta kosa kwa kalamu nyekundu, hakuliona, akatia sahihi chini ya wanafunzi wake, si juu yao.

Hibo alibaki peke yake darasani. Alikunja pamoja na barua nakala ya ramani aliyoichora upya kwa wino: vilima vya Gwassi, Muhuru, mshale wa kaskazini, mshale wa upepo wa usiku na mshale wa upepo wa mchana. Katikati ya maji alikuwa amechora mwamba mdogo wenye mti mmoja. Pembeni mwake hakuandika jina, wala hakubuni. Aliacha mstari mtupu, na chini ya barua akaongeza maneno haya:

"Mzee, ulisema maswali mengine nilete kesho. Ninalo moja. Wavuvi wanakiitaje kile kisiwa? Mama Dolphine akuandikie jina kwenye mstari, tafadhali, uturudishie ramani. Bahasha ya kurudishia nimeweka ndani, na stempu iko."

Alilamba gundi, akaibana bahasha kwa kiganja juu ya dawati, akahesabu hadi thelathini ili ishike. Kisha alitembea hadi posta ya Migori, akaiingiza kwenye mwanya wa sanduku, na akasimama mpaka aliposikia imegusa chini.